Kahawa ya Kutafuna Kabla ya Bati

Jumatatu ya kwanza kazini, Januari. Manyunyu tangu alfajiri hapa Kashai, mjini Bukoba, na mwili wangu bado uko Izimbya kwa mama, ambako likizo nzima kazi yangu kubwa ilikuwa kula ndizi na senene na kulala mchana.

Kazi yangu yenyewe ni kuomba. Natafuta michango ya kumalizia nyumba ya wajawazito kule Izigo, ili wanaotoka mbali wapate pa kusubiri siku zao karibu na zahanati. Kuta zimesimama, bati hakuna. Mvua za masika zikizikuta kuta ziko wazi, jasho lote la mwaka jana litaenda na maji.

Asubuhi nilifungua kompyuta, nikaandika "Heri ya Mwaka Mpya", nikakwama. Januari kila mtu analia ada za shule. Nani anataka kusikia sauti yangu? Nikafuta, nikaandika tena, nikachemsha chai ambayo wala sikuitaka.

Naogopa kupiga simu. Basi, nimesema.

Mchana nikatoka. Mama alikuwa amenifungia akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kwenye ganda la mgomba. Nikaibeba hadi kwa Mama Zuhura, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyetuchangia saruji mwaka jana. Njiani niliapa kwamba leo siombi kitu. Nasalimia, natoa kahawa, naondoka.

Nikamwamkia, nikamnyooshea. Akachukua punje mbili, akazitazama, akacheka. Wazee wake walitoka pwani, lakini yeye kazaliwa hapahapa Bukoba na mila za Wahaya anazijua kunishinda.

"Kahawa hutoa mwenye nyumba," akasema huku akitafuna. "Kwa hiyo leo mimi ni mgeni wako, mwanangu. Hiyo nyumba utanikaribisha lini?"

Mwaka mzima nimemtumia picha na shukrani kwa simu. Sijawahi kumkaribisha Izigo, yeye wala mchangiaji mwingine yeyote. Sisi ambao mgeni hakai kwetu bila kahawa, tumewaacha watu wetu wamesimama mlangoni.

Nikamwambia Alhamisi. Akakubali, akauliza kama anaweza kuja na rafiki yake anayeuza mbao.

Nimerudi karibu nakimbia. Simu nilizoziogopa nimezipiga alasiri yote, na sikuomba hata senti. Nimealika tu. Wengine hawana nafasi, wengine wameuliza njia. Wa mwisho nimempigia muuguzi wa zahanati. Amesema atawapikia wageni ndizi. Amesema pia kuna mama mmoja amefika jana kutoka mbali kusubiri siku zake, na amelala kwenye baraza la zahanati.

Bati bado sina. Lakini nina furaha ambayo sikuamka nayo.

Kahawa iliyobaki sitaigusa. Alhamisi nitampa yule mama wa barazani awagawie wageni, maana nyumba ni yake.