Ugonjwa Ambao Ambakisye Hakuugua

Alhamisi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na matope ya makaburini bado yamo kwenye viatu vyangu.

Leo nimemzika Ambakisye, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa letu dogo la Kimethodisti huku milimani Mbeya. Kabla sijawa mchungaji nilikuwa mwalimu, na yeye alikuwa mwanafunzi wangu.

Kabla ya ibada binti yake alinikabidhi wasifu wa marehemu niusome. Nikatoa kalamu, nikaanza kusahihisha koma. Msiba wa watu, mimi nahangaika na koma! Mke wangu husema hata mbinguni nitaomba madaftari ya malaika nisahihishe.

Ndipo nikafika kwenye mstari huu: "Aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya ugonjwa."

Hakuugua.

Alisinzia darasani. Nikamchapa mbele ya wenzake, nikamwambia, "Usirudi hapa mpaka uje na baba yako." Baba yake alikuwa amekwenda Chunya kuchimba dhahabu, na hakuna aliyejua kama yu hai. Sikuuliza. Mtoto alitii, hakurudi tena.

Miaka yote niliyomhubiria hakuwahi kuligusa jambo hilo. Nilijiambia amesahau.

Na leo nimeusoma mstari ule kwa sauti yangu ya mimbarini, wala haikutetemeka.

Baada ya mazishi nilimfuata mama yake jikoni.

"Mama, Ambakisye hakuacha shule kwa ugonjwa."

"Najua, Mwalimu. Si nilimzaa mimi?"

"Sasa nani kaandika vile?"

"Mwenyewe alimwambia binti yake aandike hivyo, alipoona hali imekuwa mbaya. Alijua atakayesoma ni wewe. Akasema tusikuaibishe mbele za watu."

Nikamwambia nataka kuwaeleza wajukuu zake ukweli. Akaniangalia weee, halafu akacheka kidogo, mara ya kwanza leo.

"Yaani umemfukuza shule, sasa unataka umfanye na mwongo?"

Nikaaga, nikatoka.

Lakini wanawe wanaamini baba yao alishindwa shule kwa unyonge wa mwili. Aliusema uongo ule kwa upendo, ila anayefaidi ni mimi peke yangu.

Jumamosi tunaanua tanga. Nitasimama bila karatasi, niwaambie nani alimtoa baba yao shuleni.

Mama akininunia, ni haki yake.