Siku ya Kwanza Bila Kalamu

Mwaka umezunguka, Baba Gathogo, tangu asubuhi ile ya Juni 2006 ulipotuacha hapa Kitale, miwani yako ikiwa bado juu ya gazeti.

Uliandika gazetini mambo ya kale: walowezi waliokuja na magari ya ng'ombe, na wazee wa huku waliochimba dhahabu Kakamega. Ukiingia nyumba nyingi za Bumula, unakuta kurasa zako zimebandikwa ukutani.

Hatujasahau siku Mama Nekesa alitoka Naitiri, gazeti limekunjwa ndani ya leso.

"Ni wewe umeandika ati baba yangu alitoroka shimo likianguka, akaacha wenzake? Nani alikuambia?"

"Nilisoma kwa kitabu cha mlowezi, mama."

"Na hicho kitabu kilikuwa ndani ya shimo?"

Hukubishana. Ulimvutia kiti. Akakueleza vile baba yake alikuwa ametoka salama, akarudi kuvuta mwenzake, udongo ukawafunika wote wawili.

Gazeti lilikataa kusahihisha, ati hayo ni ya zamani. Ukawaambia hawatapata hata mstari mmoja kwako mpaka jina la yule mzee lisafishwe. Miezi minne hukuandika, na ulipenda kuandika kuliko chakula. Mwishowe wakachapisha.

Kutoka hapo ukajiwekea sheria. Siku ya kwanza ulienda kwa mtu bila kalamu, ukamsaidia kupukuchua mahindi, ukasikiliza tu. Siku ya pili ndiyo daftari. Ya tatu ulimsomea yale umeandika, akubali ama akatae. Macho yalipofifia, binti yako Rosaline, aliyeishia darasa la nane, akawa mkono wako. Hukumcheka hata siku moja. Ulimwambia, "Andika vile amesema. Usimpambe."

Kwa mazishi, Mama Nekesa alitoa ndani ya Biblia yake kile kipande cha gazeti kilichosafisha jina la baba yake, akakisoma chote pole pole. Kisha akaangalia jeneza. "Na huyu pia alirudi," akasema, akaketi.

Daftari lako la mwisho lina majina saba ya wazee ambao hukuwafikia. Wawili wameshakufuata. Jumamosi Rosaline atakwenda Sirisia kwa Mzee Khisa. Amejaribu kukaa tu, Baba, ameshindwa. Kalamu ataiacha nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo Wacera, wanao Gichuki na Rosaline, mkazamwana Jentrix, na mjukuu aliyebeba jina lako.

Siku zetu zote tutakukumbuka.