Mbao za Cirhuza

Idjwi, 4 Machi 1974

Yaya Monique, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, watoto na mbuzi pia. Habari ya mwili? Watu wa boti wanasema tangu upasuliwe umekonda hadi kitenge kinakuzunguka mara mbili. Yaya, kansa si walishaikata? Basi hii ni karuho, umelishwa sumu. Huku kuna mzee anayeitapisha. Njoo upesi.

Mdogo wako, Cirhuza

Cimpunda, 19 Machi 1974

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata. Namshukuru Mungu, nipo.

Sikiliza. Dokta alitoa sehemu kubwa ya tumbo pamoja na ugonjwa. Nikila bugali kama zamani, jasho linanitoka na moyo unapiga mbio. Kwa hiyo ninakula kidogo, tena kidogo, kutwa nzima, kwa kisahani changu. Jirani Clémence, tuliyekuwa tunakula naye sahani moja, anatangaza kwamba mimi mchawi: «Mutu wa kukula yeye peke iko mulozi.» Nikamwambia: «Kama niko mulozi, mbona ni mimi njo ninakonda?»

Uzito wa zamani huenda usirudi. Na usirudi! Mtu aliyeshonwa tumbo hatapishwi. Siji.

Yaya wako, Monique

Idjwi, 30 Juni 1974

Yaya,

Salamu. Mbona kimya? Mke wangu Martine alikuona huko mjini, soko la Kadutu, akarudi analia. Nisikufiche: nimeangusha ule mti wa marehemu baba, nimepasua mbao. Mimi seremala, yaya wangu azikwe kwa mkeka? Naogopa sana.

Mdogo wako, Cirhuza

Cimpunda, 11 Julai 1974

Wewe Cirhuza,

Salamu utazikuta chini. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa ninakula. Barua yako imenikasirisha mpaka nikamaliza kisahani chote.

Dokta amenipima tena: uzito haujapanda, lakini umeacha kushuka. Ugonjwa unaweza kurudi, hilo hakunificha. Ukirudi, utanikuta mezani. Basi mbao hizo nitengenezee meza ndogo, ya mtu mmoja. Nitaiweka mlangoni, Clémence aone vizuri.

Haya, hamjambo huko?

Yaya wako, Monique (Serikali imelikataza jina hili la Kizungu. Bado ninaitika.)

Idjwi, 8 Septemba 1974

Yaya,

Salamu, na unisamehe. Meza imekwisha, inapanda boti ya Jumamosi, nami nitakuja nayo. Mbao zilizobaki tulizipikia visamaki vya sambaza.

Sikukusikiliza kwa jambo moja: nimeitengeneza ya watu wawili. Kisahani changu nitakuja nacho.

Mdogo wako, Cirhuza