Ngazi ya Bajaji

Johannesburg, Jumapili baada ya ibada

Mke wangu Atupele,

Ugonile, umeamkaje? Mguu wako unaendeleaje, na lile gongo jipya, bado linakuchubua kwapa? Watoto wanakwenda shule bila kusukumwa? Mpunga wa kule chini umepona maji? Mimi mwili ni mzima, nakula na kazini nafika. Kinachoniuma ni kitu kingine, nitakifikia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu wewe unacheka, mimi nakasirika, tunakata, halafu nashinda na hasira wiki nzima. Karatasi haicheki. Ndiyo maana nimempa jirani yetu Asajile, anayerudi Kyela, barua hii pamoja na kifurushi.

Umeniuliza tena na tena kuhusu mchango wa bajaji ya kikundi chenu cha wazee na walemavu, nami nimekaa kimya. Umenieleza kwamba mkopo wa halmashauri ulinunua bajaji tu, kwamba mafuta na matengenezo ni juu ya wanakikundi na sisi tulio mbali, na kwamba tairi zimekwisha kwa tope la kijijini kwetu Mwaya. Ikiegeshwa, wewe utapoteza nafasi yako ya cherehani sokoni, na wazee hawatafika kliniki. Yote nimeyaelewa. Sikunyamaza kwa sababu sina. Nilinyamaza kwa wivu.

Ndiyo, wivu. Cheka sasa umalize.

Tangu bajaji hiyo ije, sijapata ujumbe wako usio na dereva ndani yake. Gwakisa kasema mvua itanyesha. Gwakisa kaniletea vitunguu. Gwakisa anakwepa mashimo vizuri, hata pini hazimwagiki. Ukanitumia na picha: wewe siti ya nyuma unacheka meno yote nje, yeye mbele amevaa kofia yangu. Kofia ile niliiacha msumarini, Atupele. Kisha ukaniambia kwa sauti yako mwenyewe, "Ananinyanyua kama mtoto, ananiweka kitini, hata gongo sishiki." Niliyasikiliza maneno hayo nikiwa njiani kwenda kazini, nikapitiliza kituo.

Kwani mimi nilikuwa nakunyanyuaje? Siku za soko nani alikuwa anakupandisha kwenye baiskeli, mkono wako shingoni kwangu, mpaka tunafika mjini shati limelowa? Ulikuwa unaniimbia mgongoni nisichoke. Leo shingo unayoishika ni ya mtu mwingine, na sijui kama yeye naye humwimbii.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mnakuwa wawili tu. Sababu naijua. Baba anakwenda kliniki siku zilezile zako za soko, na kwa heshima yetu mkwe na mkamwana hawabanani siti moja. Kwa hiyo Gwakisa anampeleka baba kwanza, halafu anarudi kukuchukua peke yako. Mafuta ya kikundi yanaungua mara mbili kwa ajili ya heshima, na mke wangu anabaki na dereva! Nikajiona mjanja. Nikampigia baba nikamwambia dunia imebadilika, apande na wewe, tuokoe mafuta. Bila shaka mama amekusimulia.

"Mwanangu, huko Sauzi wanakulisha nini?" baba aliniuliza. "Nikae na mkwe wangu magoti yanagusana, watu wa Mwaya wananitazama? Bora nitambae mpaka Kyela."

Akakata, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Niombee msamaha kupitia kwa mama, maana wewe kwa heshima ileile huwezi kumsemesha.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Kazi yangu unaijua: nakaa na dereva kwenye gari linalowapeleka wazee na walemavu hospitali. Huku abiria halipi nauli, mji unatoa fungu na makanisa yanaongezea. Hata hilo liliniuma nilipoanza, kuona wazee wa watu wanafuatwa mlangoni na baba yangu anasubiri kama tairi zitapatikana. Basi, kuna bibi mmoja aliyepooza upande, na mume wake, mzee mrefu asiye na maneno. Kila nikimnyanyua yule bibi, mzee anaitazama mikono yangu. Nikimsalimu haitikii. Nilimwona mtu wa roho mbaya.

Juzi gari lilifungwa ngazi ya kukunja, yenye bomba la kushikilia. Bibi akashika bomba, akapanda taratibu, akaketi mwenyewe. Mzee akanigeukia akanipa mkono kwa mara ya kwanza. Nikagundua kwamba ugonjwa wake ndio wangu, na kwamba muda wote huo Gwakisa wake nilikuwa mimi. Lakini bibi hakumtazama mumewe wala mimi. Alikuwa anatazama nje dirishani, ametulia kama mwenye gari.

Jioni ile nilimwomba fundi wetu vipande vya mpira wa kukanyagia. Ndivyo vilivyomo kwenye kifurushi. Mchango wangu nimeutuma kwa simu kwa mweka hazina wenu, wa tairi na wa kuchomelea ngazi. Mpelekeeni bajaji yule fundi wa kuchomelea wa pale Bondeni. Hata iwe ya kidato kimoja inatosha, ila kiwe kipana, na mpira ugandishwe juu yake usije ukateleza kwa matope. Bomba likae upande wa mkono wako wa kulia wenye nguvu. Fundi akisema amepima kwa macho, usikubali. Kanyaga mwenyewe kwanza, halafu wakanyage na wazee. Na Gwakisa mwambie kazi yake ni usukani. Kofia airudishe msumarini.

Msalimie sana mama, na kupitia kwake baba, mwambie mwanawe amekoma. Wasalimie watoto, na fundi mwenzako wa cherehani anayekushikia nafasi ukichelewa. Gwakisa naye msalimie, ila kwa ufupi.

Nimeiwaza sana ngazi hii, mke wangu. Niliitaka ili yule kijana asikushike. Halafu nikaona kwamba nami siku nikirudi, utashika bomba lako, utapanda mbele ya macho yangu, na mimi nitasimama pembeni mikono haina kazi. Sasa hivi Asajile anafunga begi, na nusura nimnyang'anye kifurushi. Nimemwacha aende nacho.

Ila ile baiskeli usiiuze wala usimwazime mtu. Siku nikirudi, hata kama utakuwa hunihitaji, panda tu.

Ndimi mumeo, wivu bado ninao,

Ambokile