Kitambaa cha Mama Juu ya Hedfoni

Jumatatu, 6 Machi 2006
Simu za wateja wa bima tangu asubuhi. Bima, habari yako, nikusaidie? Hedfoni ni ile ile waliyoacha wa zamu ya usiku, waya umefungwa selotepu, sponji imejaa mafuta ya nywele ya mtu mwingine. Masikio yananiwasha. Kinyaa! Nimemlalamikia Mama nilipofika nyumbani Kabiria. Sijamaliza ugali, tayari ameshika uzi wa kufumia. Mama hawezi kuona kitu kiko uchi. Viti, redio, hata jagi la maji, vyote vina vitambaa.

Jumanne, 7 Machi
Nimeivalisha hedfoni vitambaa vya Mama. Maua meupe masikioni, na kijifuko kizito cha maiki. Ofisi nzima hapo Hurlingham imenicheka. Achieng wa meza ya pili anauliza nabatizwa lini. Wacha wacheke. Masikio yamepoa.

Jumatano, 8 Machi
Wateja wanakata simu. Hallo? Hallo? Kisha kimya. Mzee mmoja ameniambia niteme ninachotafuna. Sitafuni kitu!

Alhamisi, 9 Machi
Madam Wairimu, msimamizi wetu, ameniita. Wateja hawanielewi. Majaribio yangu yanaisha kesho. Atasikiliza simu zangu mwenyewe, kisha aamue kama naajiriwa ama naenda nyumbani.
Najua shida. Ni ulimi wangu wa Bungoma, unaogeuza b kuwa p. Nimesimama mbele ya kioo: bima, bima, bima. Si pima. Mama alidhani naomba, akasema amina. Naogopa sana.

Ijumaa, 10 Machi
Nimepiga kelele mpaka koo likauma. Wapi! Hallo? Hallo? Madam alikuwa amesimama nyuma yangu.
“Nekesa, mbona unaongea kama uko ndani ya gunia?”
Akainama, akavua kile kijifuko kwenye maiki kwa vidole viwili. “Haya, rudia.”
Nikarudia. Mteja akasema, “Ee, sasa nakupata, dada.”
Madam alicheka hadi akashikilia kiti. Mimi nililia, kwanza kwa aibu, halafu kwa raha. Nimeajiriwa! Mungu ni mwema. Kumbe ulimi wangu hauna neno.

Jumapili, 12 Machi
Tumetoa shukrani kanisani. Mama ameuliza kama vitambaa vinasaidia. Nimesema sana. Vya masikio bado navaa. Kijifuko nimekivalisha chupa ya chumvi. Amekiona mezani, akakitazama, akanyunyiza chumvi kwenye mboga.
Jioni ameanza kufuma vya hedfoni ya Madam, kwa uzi wa rangi ya waridi. Vya masikio tu.