Uji Ulioenda Minto

Jumanne, 6 Mei

Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Wazee kumi na mmoja wa kuogesha, mmoja kaniuma mkono. Sasa miguu iko kwenye beseni na chai imeshapoa. Furaha hakuja kazini, daktari kamwambia apumzike mpaka ajifungue. Pengo lake nimelihisi. Pia nimepumua, kwa sababu leo sikulazimika kulitazama tumbo lake.

Niandike mara moja nione likoje: mtoto aliye tumboni mwa Furaha ni wetu. Yai la mwanamke tusiyemjua, mbegu ya mume wangu Kamau, tumbo la Furaha. Mimi nimechangia kigari cha kumsukumia. Nina miaka hamsini na moja, Kamau hamsini na sita.

Alijitolea mwenyewe. Mwaka juzi, jikoni kazini, akinyoosha mkono kuchukua chumvi. "Dada, tumbo yangu iko bure." Nilidhani ni utani wa Wakongo. Ana watoto watatu, anawalea peke yake huko Minto, pembezoni mwa Sydney. Nimejiuliza mara mia kama ninamtumia. Nikamuuliza na yeye. Alikasirika siku mbili.

Sheria ya hapa Australia hairuhusu kumlipa mtu akubebee mimba. Na akishajifungua, yeye ndiye mama mpaka atie saini, na hatii kabla ya mwezi kwisha. Mwezi mzima mtoto atalala kwangu na atakuwa wake. Sijawahi kuogopa kitu kama huo mwezi.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Mama Njeri, mkubwa wa akina mama wa kanisa letu, alipokiona kigari sebuleni wiki tatu zilizopita, alinitazama tumbo akapiga vigelegele. Tumbo langu ni la chapati. Sikusema. Bado sijasema. Leo akina mama wote wameniwekea mikono, wakaomba nijifungue salama. Wameniita Sara. Sara angalau alizaa.

Nikaitikia amina. Ningesema nini? Kwetu mwanamke asiyezaa ana majina yake, na mimi nimeitwa yote.

Alhamisi, 15 Mei

Msichana. Saa tisa na dakika kumi alasiri. Furaha hakulia, aliita tu jina la mama yake. Kiganjani nina alama za kucha zake. Kitovu nimekata mimi.

Walimweka kifuani mwake kwanza. Nilihesabu dakika. Nne. Nilitaka kumnyang'anya. Mwanamke anatoka damu kwa ajili yangu, na mimi natazama saa.

Jioni akauliza kama aanze kunikamulia maziwa. Nikasema asijisumbue, tumenunua ya kopo. Mimi ambaye nimefanya kazi za kuuguza miaka ishirini na najua maziwa yapi ni bora! Sikutaka kitu chake kingine kiingie kwa huyu mtoto. Wivu, basi.

Jina ni Wanjiku, la mama yake Kamau.

Jumamosi, 17 Mei

Nyumbani, Merrylands. Hatujalala. Kamau anamwimbia nyimbo za shule ya msingi. Nimenusa shingo ya mtoto mpaka nikaona aibu.

Furaha alitoka hospitali jana. Alibeba mfuko wa nguo tu.

Jumatano, 21 Mei

Wamekuja. Mama Njeri mbele, na chupa kubwa ya uji wa wimbi, wengine na njahi, yale maharage meusi ya mzazi, na supu ya kuku. Wameniamuru nilale. Mzazi haoshi vyombo, mzazi hapigi pasi. Nimelala kitandani mchana kweupe, mzima kama ng'ombe, nikinyweshwa uji wa kuleta maziwa. Ulikuwa mtamu sana. Nimekunywa vikombe viwili.

Ijumaa Mama Njeri anarudi na leso kunifunga tumbo. Amelifunga la kila mama aliyezaa kanisani kwetu. Atajua mara tu atakaponigusa.

Nimeosha ile chupa yake. Mama alitufundisha chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sijui nitie nini.

Alhamisi, 22 Mei

Furaha amepiga simu. Sauti ndogo.

Majirani zake wa Minto wanamkalia matanga. Waliliona tumbo miezi tisa. Wakamwona amerudi bila mtoto. Sasa wanaingia, wanavua viatu, wanakaa ukutani kimya. Kuna aliyeleta mshumaa. "Nabaambia mutoto ni muzima, dada, ni wa rafiki yangu. Banasema ni huzuni inanisemesha." Halafu akacheka, halafu hakucheka tena.

Huku vigelegele, kule kilio, na maiti hakuna. Huu mchanganyiko nimeupika mimi kwa kufunga mdomo wangu.

Nimemwambia Kamau twende na mtoto, wamwone. Amekataa. Si kwa ubaya, anaogopa. Saini bado. Furaha akimpakata, maziwa yamejaa, mbele ya watu wake wanaomlilia, itakuwaje? Mimi ninaogopa kumshinda.

Ijumaa, 23 Mei

Mama Njeri amekuja na leso. Nimemwambia kabla hajanigusa. Yote. Nilikuwa nimesimama, kama mtoto wa shule.

Aliikunja ile leso, akaikunjua, akaikunja tena. Nilingoja aniulize kwa nini nilimwacha aniombee uongo. Hakuuliza.

"Na huyo wa Minto," akasema, "anapikiwa na nani?"

Nimelia leo kuliko siku aliyozaliwa Wanjiku.

Jumamosi, 24 Mei

Kamau hakutaka kuendesha. Tukapanda treni, mimi, mtoto na Mama Njeri na chupa yake ileile, niliyomrudishia tupu, sasa imejaa uji tena. Tukabadilisha treni kituo cha Glenfield. Mama Njeri aliukumbatia uji njia nzima.

Sebule ilikuwa kama alivyosema. Wanawake saba, viti vya plastiki, mshumaa unawaka mchana. Furaha katikati, kichwa kimefungwa. Nikasema nikiwa bado mlangoni, maana ningekaa ningenyamaza: huyu ndiye mtoto, ni mzima, Furaha alinibebea kwa sababu mimi sikuweza. Sikuweza. Neno hilo sijawahi kulitamka mbele za watu.

Hawakuamini mara moja. Bibi mmoja akaja, akafunua blanketi, akahesabu vidole, akamfinya mguu kidogo. Wanjiku akalia kwa hasira. Hapo ndipo mtu akapuliza mshumaa na kelele zikaanza. Sijawahi kuona chakula cha matanga kikiliwa kwa furaha namna ile.

Furaha akanyoosha mikono. Nikampa. Blauzi yake ililowa pande zote mbili papo hapo, kila mtu akaona, na mimi nikaona. Nikakalia viganja vyangu. Nilijaribu kutohesabu. Dakika thelathini na tano.

Baadaye Mama Njeri alimfunga tumbo kwa ile leso, akamnywesha uji huku akimgombeza kwamba amekonda. Wakati wa kuondoka Furaha mwenyewe alimfunga Wanjiku kifuani kwangu kwa kitenge chake. Alikaza fundo mara mbili.

Chupa tumeiacha huko. Kamau alikuwa anatusubiri stesheni ya kwetu, tangu saa nane, bila koti.

Jumatatu, 2 Juni

Furaha hajajibu ujumbe wangu siku ya nne. Kamau haulizi, ila anatazama simu yangu kila inapolia. Mama Njeri alikwenda Minto juzi na sufuria ya njahi. Anasema Furaha yuko sawa, ila alimwambia jokofu la kugandisha limejaa, wala hakumruhusu afungue.

Leo nimewaza kuhama na mtoto. Sydney ni kubwa. Kuna Penrith, kuna huko mbele zaidi. Dakika kumi hivi nimewaza kwa dhati. Naandika ili nisijidanganye kwamba mimi ni mtu mwema.

Jumanne, 3 Juni

Amejibu. Watoto wote watatu walikuwa na homa. Basi.

Jumanne, 17 Juni

Kwa wakili. Alimuuliza Furaha mara tatu kama ameelewa, kama amelazimishwa, kama anataka muda zaidi. Mara ya tatu Furaha akanitazama mimi, si wakili. Nilitaka kusema chukua muda. Sikusema. Akatia saini.

Mahakama itachukua miezi kuidhinisha, lakini gumu limepita. Nje alisema ana njaa. Tukala chipsi tumesimama, upepo unavuma.

Jumamosi, 21 Juni

Baridi. Furaha amekuja na watoto wake. Kitinda mimba alimchungulia Wanjiku akasema, "She's so small, Auntie," akaenda kutazama televisheni.

Alileta chupa ya Mama Njeri, imeoshwa, na kisanduku cha barafu. Ndani kulikuwa na vipakiti vya maziwa, vimeganda, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu. Cha kwanza ni 16 Mei. Alikuwa anakamua tangu hospitali, hata baada ya mimi kukataa. Anasema kifua kilimuuma na alishindwa kumwaga.

"Dada, chombo ya mutu hairudi tupu. Si weye ulisema?"

Nilisema lini, sikumbuki. Labda kazini, juu ya bakuli la mtu.

Walipoondoka nimeyeyusha kipakiti cha 16 Mei kwenye maji ya vuguvugu. Wanjiku amekunywa yote, macho wazi, ananitazama. Amecheua begani kwangu, akalala. Vilivyobaki nimevipanga kwa tarehe.