Shati Jeupe la Profesa

Alhamisi, Sigowet

Na bado Profesa ananiita "msichana wangu wa bakteria" mbele ya watu.

Tangu mvua ianze nimelea wimbi la uji kwenye mikebe nyuma ya nyumba ya Mama Chebet. Nusu niliipa bakteria wenye ute wao wa sukari, ule unaowanatisha kwenye mizizi, udongo nao ukanata hapo hapo. Nusu nyingine niliipa bakteria wasio na ute. Leo ilikuwa siku ya kung'oa na kupima udongo ulioshika kila mzizi. Utafiti wangu wote ni udongo huo.

Profesa, ndiye msimamizi wangu, akaja kupiga picha. Hata salamu hajamaliza, ameshang'oa wimbi na kulipiga kwenye goti kama anakung'uta soksi.

"Mizizi ni kama watoto wa shule," akasema. "Ipigwe picha ikiwa safi."

Wimbi lisilo na ute liliachia udongo wote mara moja. Akalisifu kwamba lina afya. Lenye ute lilikataa. Akalipiga kwa nguvu, bonge likaruka likanata kwenye shati lake jeupe. Akalitupa, akasema limeoza. Alimaliza mstari mzima wa mikebe hivyo.

Mama Chebet akaninong'oneza, "Na huyu ndio anakufundisha?"

Naogopa mikebe iliyobaki haitoshi. Na alama ni yeye atakayenipa.

Alisugua shati mpaka akachoka. Matokeo yangu bora yamerudi chuoni kifuani mwake, na hajui kuyasoma.